Kipa Aliyeambiwa Anyamaze

Watu wa Bungoma wana maneno mengi juu ya Abdihakim Adow, na mimi nimechoka kuyasikia. Nikishusha magunia yangu ya viazi pale soko la Chepkube, hata leso sijaifunga vizuri kiunoni, tayari kuna mtu ananiuliza, "Mama Kui, yule kipa wenu wa Kitale, bado anaita watu?" Kisha wanacheka. Wanacheka goli moja. Mtu amedaka miaka kumi na mbili, vidole vimevunjika mpaka pete ya ndoa haipiti, na wao wanamkumbuka kwa goli moja! Wao siwezi kuwajibu, na nitakueleza kwa nini. Lakini wewe si wa huku, kaa hapo kwa hilo gunia, wewe nitakuambia.

Naitwa Nyaruai. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja Trans-Nzoia kulima. Mimi kulima kulinishinda nikaingia biashara. Naishi Kibomet, hapo Kitale, na nyumba yangu na ya Abdihakim zinagawana ukuta mmoja. Sisi tunamwita Haki. Undugu hatuna, yeye ni Mwislamu na mimi ni mtu wa kwaya ya kanisa. Lakini mama yake Hasina na mimi tulilea watoto pamoja, wa kwake anakula kwangu na Kui wangu anakula kwake, kwa hivyo usiniulize inanihusu nini.

Baba yake, mzee Adow, alikuwa na mashine ya posho karibu na msikiti wa mtaa wetu. Msomali mrefu, mpole, na masikio yake yalikuwa yamemalizwa na ile injini. Ukitaka kumwambia Adow jambo ulipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Sasa fikiria mtoto anayekulia hapo. Wenzake walijifunza kuongea, Haki alijifunza kuita. Msimu wa mahindi akina mama wakipanga madebe yao, yeye ndiye alikuwa anayasimamia: "Debe la nani hili? Mama Thuo, sogea mbele! Wewe wa kofia, rudi nyuma, nimekuona!" Kitoto cha darasa la nne! Na watu wazima walikuwa wanarudi nyuma, wallahi, kama anavyosema mama yake.

Ndivyo alivyoingia golini. Pale uwanja wa Kibomet vijana walichoka kuelekezwa na mtu ambaye hata mbio hana, wakamwambia, kama unajua sana si uende ukae nyuma huko uone vizuri. Akaenda. Hakutoka tena.

Mimi mpira nilikuwa sijui. Nilikuwa naona watu wazima wanakimbizana na kitu kimoja na nyumbani hakuna kuni. Lakini Haki alinifundisha bila kutaka, kwa sababu kila Jumatatu alikuwa anakuja jikoni kwangu kunisimulia mechi. Aliniambia mashabiki wanapenda kipa wa kuruka, yule anayepaa na kuanguka na kupakwa matope. Yeye alikuwa anasema, "Mama Kui, ukiona nimeruka, ujue kuna mtu hakunisikia." Kazi yake ilikuwa kuwapanga mabeki. Huyu kushoto, yule apande, wewe mshike huyo mrefu. Akiwapanga vizuri mpira unamjia mikononi kama mtu anayeletewa chai. Ukiwa huelewi mpira utasema huyo kipa hana kazi.

Akachezea timu ya Kitale ya ligi ya chini, kisha Mwalie FC ya Bungoma wakamchukua. Ligi kuu! Kibomet tulichinja mbuzi, Waislamu wakachinja na Wakristo tukala, hakuna aliyelalamika. Wiki nzima anakaa Bungoma kwenye chumba cha kupanga, Jumapili usiku anarudi kwa mkewe Sumeya. Miaka ikaenda hivyo. Alijifunza kuamrisha watu kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, na matusi mawili matatu ya Kikuyu ambayo sitaki kujua nani alimfundisha.

Halafu akaja Kipsang. Huyu ni kijana wa Kachibora, beki wa kati, kifua hiki hapa, shingo kama ya fahali. Akili ya mpira hakuwa nayo hata kidogo, alikuwa anafuata mpira tu hata ukienda kwa majirani. Haki alimchukua akamtengeneza. Mwaka wa kwanza alimpigia kelele mpaka kijana akataka kurudi kwao kukamua ng'ombe. Mwaka wa tatu, waandishi wa magazeti walikuwa wanaandika kwamba Kipsang anasoma mchezo. Anasoma nini? Alikuwa anamsikia Haki! Akiambiwa kushoto anaenda kushoto, hageuki kuangalia, macho juu kwa mpira, anaiamini ile sauti nyuma yake kama vile unavyoamini ngazi za nyumba yako gizani.

Sasa ile sauti ikaanza kuharibika.

Ilianza kama mafua. Akanywa tangawizi, akanywa ndimu na asali, Sumeya akamfukiza chini ya blanketi mpaka akatoka amekuwa mwekundu. Wapi! Akiongea unasikia kama mtu anakwaruza sufuria. Kwenye mechi moja aliita "Yangu!" na beki hakusikia, wakagongana, wakafungwa. Kocha wao alikuwa anaitwa Kimotho, mtu wa kwetu kwa jina lakini ulimi wake ulikuwa wembe. Akamwambia mbele ya watu, "Kipa asiyeongea ni mlingoti wa tatu. Nikitaka mlingoti nitaenda kwa fundi." Na kwenye benchi alikuwa amekaa Wekulo, kipa wa pili, kijana wa Bungoma hapo hapo, anaruka vizuri ajabu, wapiga picha wanampenda. Si mtu mbaya Wekulo. Lakini alikuwa amengoja miaka mitatu, na mtu anayengoja huangalia koo lako.

Hospitali nilimpeleka mimi. Sumeya alikuwa amejifungua Aaliyah, arobaini haijaisha. Daktari alikuwa mwanamke, mtulivu, akaingiza kikamera kwenye koo akatuonyesha kwenye kioo. Akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu kwa kupiga kelele miaka mingi, na uzi mmoja una mshipa wa damu umevimba. Dawa yake ni kunyamaza. Asiseme neno miezi mitatu, hata kunong'ona asinong'one, na huenda ikarudi kama zamani. Kisha akamkazia macho. "Lakini ukipiga ukelele mmoja wa nguvu, mmoja tu, huo mshipa utapasuka. Na ukipasuka hivi ulivyo, sauti hairudi. Umenielewa?"

Mimi nikaingilia. "Daktari, huyu ni kipa."

Akasema, "Basi achague, Mama. Aache kuita watu ama aache kudaka."

Nje kwenye benchi Haki akaandika kwenye simu akanipa nisome. Aliandika kwamba mkataba wake unaisha mwisho wa msimu. Kwamba kocha akijua, atampa Wekulo goli kesho, na mtu wa miaka thelathini na minne aliyemaliza msimu benchi hakuna timu inamtaka. "Usimwambie mtu," aliandika. Nikamwambia, na utadaka aje bila mdomo? Akainua mabega. Nilimwona machozi yanamlenga, na mimi machozi ya mwanaume yananikasirisha vibaya. Nikasema, "Wewe daka. Kupiga kelele utaniachia mimi."

Alidhani namtania. Mimi? Nimeuza viazi Chepkube miaka kumi na tisa katikati ya watu wa nyanya, watu wa mitumba na mhubiri mwenye spika mbili. Sauti ninayo. Wikendi zote mimi niko Bungoma na lori langu la viazi, na uwanja wa Mwalie uko hapo nyuma ya soko. Uwanja wenyewe nyuma ya magoli hauna jukwaa, kuna uzio wa waya tu, unasimama hapo unaweza kumwagia kipa chai shingoni.

Tulifanya mazoezi uani kwetu, Sumeya akiwa na mtoto kifuani akicheka mpaka nikaogopa atamwangusha. Haki alipanga viazi chini akaniandikia kwenye simu, hiki ni Kipsang, hawa ni mabeki wa pembeni, hawa wabaya ni vitunguu. Akaweka mkono nyuma ya mgongo. Ngumi, maana yake mpira utolewe. Kidole kikielekea upande, mabeki waende upande huo. Kiganja wazi, wapande juu. Nikikosea ananirushia kiazi. Kufikia jioni nilikuwa nawaamrisha wale viazi kama polisi wa kuongoza magari.

Mechi ya kwanza, woi! Nilifika uwanjani nimevaa sweta la kwaya ndiyo nipate bahati. Mpira ukaanza, naona ngumi, napiga, "Kipsang, toa!" Kipsang akashtuka. Akageuka kuangalia nyuma, mara ya kwanza kwa miaka mitano, akaona mwanamke mnene ameshika waya. Haki akamtolea macho na kumwashiria kwa kichwa, msikilize huyo. Kipsang akatoa mpira mpaka barabarani. Kufika mapumziko walikuwa wamezoea, na mimi nilikuwa nimelowa jasho kuliko wao. Kisha nikagundua timu zinabadilishana magoli! Hakuna aliyekuwa amenikumbusha. Nikazunguka uwanja mzima na mwili huu, watu wakipiga makofi, nikafika mpira ukiwa umeshaanza. Tulishinda.

Wachezaji wakaniita Mama Viazi. Haki aliwaandikia kwenye simu kwamba ana mafua na mimi ni jirani yake napenda mpira. Mafua ya miezi miwili, jamani, na watu wazima wakaamini! Wapinzani walilalamika kwa refa, refa akasema hakuna sheria inayomkataza shabiki kupiga kelele. Kocha Kimotho naye alitaka niondolewe. "Huyo mama anawachanganya wachezaji wangu," akasema. Lakini tulikuwa hatufungwi, na kocha asiyefungwa hufumba macho. Wekulo ndiye alikuwa anakuja kunitania kabla ya mechi, anaigiza ulimi wetu wa Kikuyu. "Mama Viazi, reo utapiga kerere kweri?" Namwambia, nenda ukakae benchi lako. Anacheka.

Na mimi nikaupenda mpira, sitakudanganya. Siku zingine nilikuwa nimeita kabla mkono wa Haki haujasema. Hata kwenye mechi za ugenini nilienda, nikaacha viazi na Kui, na Kui akaniambia nimechanganyikiwa.

Ikabaki mechi moja. Kwa zile mechi walizofungwa mwanzoni, Mwalie walikuwa karibu na mkia wa ligi na wakipata sare tu wanabaki ligi kuu. Wakifungwa wanashuka. Mechi ni nyumbani Bungoma, na mkubwa mmoja wa timu alikuwa amemwambia Haki kwamba wakibaki, mkataba mpya anaandikiwa wiki hiyo hiyo. Zile siku tisini za daktari zilikuwa zinakaribia kuisha. Haki alikuwa hajatoa neno hata usingizini. Sumeya aliniambia siku mtoto alipocheka mara ya kwanza Haki alitoka nje akaenda kusimama karibu na tangi la maji, asije akamwita jina kwa furaha.

Huo mwaka ulikuwa mwaka wa tohara kwa Wabukusu. Kama hujawahi kuwa Bungoma mwaka huo, kijana anayekwenda kutahiriwa anazunguka kwa jamaa zake kuwaalika, anacheza na kupiga njuga za chuma mkononi, zile wanaita chinyimba, na nyuma yake kuna msafara wa watu wanaimba. Kwa mjomba, ndugu ya mama, lazima afike. Asipofika kwa mjomba ni kama hajaalika mtu. Sasa siku hiyo kijana mmoja mjomba wake alikuwa nani? Wekulo. Nyumbani hayupo, yuko uwanjani. Na msafara hauwezi kurudi bila kumwona. Mapumziko ya nusu ya kwanza nikaona lango linafunguliwa na watu wanaingia wakiruka, zile njuga ngwa! ngwa! ngwa!, na askari wa lango mwenyewe anacheza nao. Wekulo akatoka benchi akampokea mpwa wake, watu wakashangilia uwanja mzima. Hakuna ubaya hapo, ni mila yao na ni nzuri. Kisha Wekulo kwa heshima akawaambia wangoje mechi iishe waende nyumbani pamoja. Akawaonyesha pa kusimama.

Nyuma ya goli langu.

Ngai! Kipindi cha pili kinaanza, mimi nimeshika waya, na kulia kwangu ni njuga, kushoto kwangu ni njuga, na akina mama hamsini wanaimba sikioni. Naona ngumi ya Haki, napiga kelele, sijisikii hata mimi mwenyewe. Nikamgeukia mkubwa wao nikamwambia, "Baba, tafadhali, nyamazeni dakika chache." Akaniangalia kama nimemtukania mama. Alikuwa na haki yake, ile ngoma si ya kukatwa na mpita njia. Nikaomba wasogee, hakuna pa kusogea. Nikapiga kelele mpaka nikaona nyota. Haki akageuka mara moja akaniona nafungua mdomo tu, akaelewa.

Akabaki na mikono. Akawa anakimbia mbele kuwagusa mabeki mgongoni mmoja mmoja, huku na kule, nikamhurumia mpaka nikashika kichwa. Na bado hawakufungwa! Alidaka siku hiyo, aki, aliruka, yeye asiyeruka, matope mpaka kwenye nyusi. Bila kwa bila, na watu wakaanza kuangalia saa.

Halafu mpira mrefu ukapita juu ya mabeki. Mshambuliaji wao akabaki peke yake. Haki akatoka golini kumfuata, akajitupa miguuni mwake, na yule kijana akauchota mpira ukapanda juu, juu kabisa, ukaanza kushuka polepole kuelekea goli tupu. Kipsang akageuka akaukimbilia. Alikuwa anakuja upande wangu, mbio zake zote, macho juu kwa mpira. Angeufikia. Mimi nasema ukweli siku zote, angeufikia na angeutoa kwa kichwa. Lakini mbele yake, pale pale alipokuwa anaelekea, kulikuwa na mlingoti wa goli, wa chuma, na hakuwa ameuona. Mimi nilikuwa karibu na ule mlingoti kiasi cha kuugusa. Nilipiga kelele. Njuga zilimeza kelele yangu yote.

Haki alikuwa amelala chini kwenye matope, ameinua kichwa. Aliona.

"KIPSANG!"

Sijawahi kusikia mtu akiita hivyo. Njuga zilikatika. Yule kijana wa tohara alisimama mkono juu. Ilikuwa ile sauti ya zamani ya mashine ya posho, yote, bila mkwaruzo, na Kipsang aliisikia akafunga breki bila kufikiri, kama alivyofunzwa miaka mitano. Bega lake liligusa mlingoti, tena polepole tu. Mpira ukadunda karibu na mguu wake ukaingia ndani.

Refa alipiga kipenga cha mwisho muda mfupi baadaye. Mwalie walikuwa wameshuka daraja.

Nilienda hadi mlango wa chumba cha wachezaji, na mlango ulikuwa wazi. Kipsang alikuwa analia kwa hasira. "Uliniita ya nini? Nilikuwa nimeufikia! Miaka yote hii unaniita, na siku ya kuniacha umeshindwa kuniacha! Umetushusha wewe, Haki, wewe na mdomo wako!" Wote wakamgeukia Haki wasikie atasema nini. Haki akafungua mdomo. Nilimwona akijaribu, koo linapanda na kushuka. Hakuna kitu kilichotoka. Wao walidhani hana la kusema, na Kocha Kimotho akatema mate akatoka nje.

Daktari alisema ni ule mshipa. Mara ya kwanza alisema tungoje tuone. Mwezi uliofuata hakusema tungoje tena. Haki ana pumzi tu sasa, ukimwekea sikio mdomoni unasikia kitu kama upepo wa chini ya mlango. Mkataba ulikwisha, timu ikamwandikia ahsante kwa ujumbe wa simu. Yuko Kibomet, ameifufua mashine ya baba yake, na jioni anaelekeza makipa wa mtaa kwa mikono. Ananiambia hajambo. Mimi sijawahi kuuliza mara ya pili.

Ningenyamaza na mimi, lakini nilienda Kachibora kununua viazi. Nafika sokoni, nani ninamkuta ameketi kwenye magunia na wazee wa kwao wakimzunguka? Kipsang. Anawasimulia. Ati Haki alimwonea wivu. Ati kipa alipoona amefungwa, hakutaka beki aokoe apate sifa. Wee! Damu ilinipanda nikaangusha mkoba.

"Kipsang wa watu!" nikamwambia. "Simama unisikilize. Ule mlingoti ulikuwa mbele ya paji lako la uso hivi! Hicho kichwa unachoongelea leo kingekuwa kimepasuka kama kiazi kilichoiva! Na yule unayemtukana alikuwa ameambiwa na daktari, mimi nikiwa hapo, kwa masikio haya mawili, kwamba akiita mtu mara moja tu sauti inakufa. Miezi mitatu hakumwita hata mtoto wake. Akakuita wewe. Sasa endelea na hadithi yako."

Nikaokota mkoba wangu. Niliondoka bila viazi.

Kesho yake mchana Kipsang akaja Kibomet na mkewe Chelagat. Walileta maziwa ya mursik na kuku wawili. Kipsang alikuwa hajalala, unaona tu. Kuna mtu alikuwa amemtafutia video ya mechi kwenye simu, na ameona mlingoti. Tulikuwa tumekaa kwa Haki, Sumeya anamimina chai, Aaliyah anatambaa kwenye mkeka.

Yule kijana akapiga magoti. Mtu mwenye kifua kile! "Kaka, ya mlingoti nimeona," akasema. "Nisamehe. Lakini nataka unijibu moja. Mama Viazi amesema daktari alikuonya. Ulijua ukiniita sauti inaenda? Ulijua, Haki?"

Haki akamsogezea kikombe cha chai.

"Kwa sababu timu ya Mbale imeniita," Kipsang akasema. "Na mimi siendi. Kama ulijua ukaniita, mimi nitawezaje kuingia uwanjani tena? Nitakuwa nakusikia. Viatu nimemwambia Chelagat achome."

Chelagat akasema polepole, "Ni kweli, Mama. Hajala tangu jana."

Basi Haki akacheka. Kile kicheko chake cha sasa, mabega tu yanatikisika. Akatingisha kichwa, hapana, hapana, akamwinua Kipsang kwa kwapa akamketisha. Akachukua simu, akaandika kwa vile vidole vilivyopinda, akampa asome kwa sauti. Kipsang akasoma: "Sauti ilikuwa imeshaharibika kitambo. Ingeenda hata nikipiga chafya. Daktari hakuniambia hayo maneno. Wewe unamjua Mama Kui akikasirika."

Wote wakanigeukia.

Mimi! Niliyekaa kwenye kile chumba cha daktari! Mate yalikuwa yameshajaa mdomoni, nimeshavuta pumzi. Nikamtazama Haki. Hakuniashiria chochote, alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayengoja kuona mpira utaenda wapi. Nikamtazama Sumeya, Sumeya akainamia chupa ya chai akaifunga kifuniko kwa muda mrefu sana.

"Ah," nikasema. "Niliongeza chumvi. Alikuwa ameniudhi, bana."

Kipsang akapumua mpaka nikadhani mbavu zimevunjika. Akafuta macho, akacheka, akanipiga begani na huo mkono wake kama sepetu. "Mama Viazi! Kumbe wewe ni mwongo hivyo! Umenitesa usiku mzima!" Chelagat naye akacheka, akachukua mandazi akampa mumewe, na Kipsang akala yote yaliyokuwa kwenye sahani.

Yuko Mbale sasa, anacheza vizuri, wamemfanya nahodha. Ananitumia salamu. Lakini huko Kachibora aliwaambia wote kwamba nilidanganya, na sasa nikiuliza bei huko, wenye viazi wanaambiana, huyu ni yule mama wa uongo, mwangalieni. Wewe ukipita huko ukasikia wakinisema, nunua viazi vyako uende. Usinitetee.